Darasa Bila Ada, Kitabu cha Mbali

Usa River, mji mdogo chini ya Mlima Meru, uko njiani kwendea Moshi. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa wa Elimu ya Watu Wazima, wilaya 6 ziliteuliwa zifute ujinga wa kusoma na kuandika kabla 1971 haujaisha. Visiwa vya Mafia na Ukerewe vilikuwamo. Kilimanjaro, jirani, pia. Meru ilingoja kampeni ya taifa zima. Darasa halikuwa na ada: mzazi aliketi jioni kujifunza herufi ambazo mwanawe alizisoma asubuhi. Lakini kitabu je? Maktaba Kuu, iliyofunguliwa 1967, ilikuwa Dar es Salaam, na herufi isiyosomwa husahaulika upesi kuliko ilivyofunzwa. Ndipo maktaba za vijiji zikafuata nyuma ya kisomo, nyingine katika chumba cha shule.