Ngoma ya Dini, Ngoma ya Dunia

Mchagga yeyote aliyesoma mbali na nyumbani amewahi kuambiwa maneno haya: nyie hamna ngoma. Wamakonde wana sindimba, Wasukuma wana bugobogobo, Wagogo wana muheme, Wazaramo wana mdundiko. Mchagga ana duka. Husemwa kwa utani, nasi hucheka, maana utani wa makabila haujibiwi kwa hasira. Lakini nilipoanza masomo ya uzamili katika historia ya elimu niligundua kwamba hata wazee wa kwetu wanausema utani huo, tena bila kucheka. Watu wanapofika mahali pa kusema hawana kitu ambacho babu zao walikuwa nacho, ipo historia katikati. Nimeitafuta historia hiyo kwa njia mbili: kwenye vitabu, na kwa kufundisha.

Nilifundisha historia katika shule moja ya sekondari juu ya barabara ya Old Moshi, kule ambako migomba inaanza kufunika paa za nyumba. Mkuu wa shule aliposikia ninasoma mambo ya utamaduni alinikabidhi kikundi cha ngoma, kijiandae kwa mashindano. Walikuwa wanafunzi ishirini na wanne, wasichana wengi kuliko wavulana. Siku ya kwanza niliwaambia tutajifunza iringi. Msichana wa kidato cha tatu, mwimbaji wa kwaya ya usharika wake, akanyoosha mkono: “Mwalimu, hiyo ni ya dini au ya dunia?”

Ni swali ambalo kila mtoto wa Kilimanjaro analijua. Wimbo ni wa dini au wa dunia. Kanda ni ya dini au ya dunia. Kwenye sherehe za kipaimara MC mwenyewe hutangaza: sasa tunafunga nyimbo za dini, tunafungua za dunia, na wachungaji huaga wakati huo huo. Mpaka huo umekuwa wa kawaida kiasi kwamba tunadhani ulikuwepo tangu mlima ulipoumbwa.

Haukuwepo, au tuseme ulikuwepo mpaka mwingine, na ulipita mahali pengine.

Wamisionari wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Ndani ya kizazi kimoja mlima uligawanyika. Machame, Old Moshi na Mamba zikawa za Walutheri zaidi; Kilema, Kibosho na sehemu kubwa ya Rombo zikawa za Wakatoliki. Mpaka leo ukimwambia mtu kijiji chako anakisia dhehebu lako. Lakini katika jambo la ngoma pande zote mbili zilikuwa na mashaka yanayofanana. Ngoma ilichezwa usiku, palipokuwa na mbege, na nyimbo zake zilitaja mambo ambayo padri na mchungaji hawakutaka yatajwe. Mkristo mpya alitarajiwa kukaa mbali nayo. Kwaya ilichukua nafasi ya ngoma, na kwa Walutheri ikaja na matarumbeta, yale ambayo hadi leo hupigwa msibani na harusini kana kwamba yametengenezwa Uru.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye nimeishi naye miaka miwili bila kumpenda sana wala kumchukia: Bruno Gutmann. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902, akafanya kazi Masama kisha Old Moshi, akafukuzwa pamoja na Wajerumani wengine mwaka 1920, akarudi 1925, akaondoka moja kwa moja 1938. Wenzake wengi walikusanya mila ili wajue cha kukataza. Yeye alikusanya kwa sababu aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vitu ambavyo Mungu mwenyewe aliwapa Wachagga, na kwamba shule za kizungu na fedha ya kahawa vitavivunja. Vijana wa kipaimara aliwaweka katika vikundi vya udugu kwa kufuata mfano wa ndugu wa ngao wa zamani. Kuna walioona ni hekima. Wengine, hasa vijana waliotaka Kiingereza na kazi mjini, waliona anawafungia njia. Mimi naona wote walikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonichosha kumhusu.

Kazi yake ninayoitumia zaidi ni ile ya mregho. Mregho ulikuwa fimbo iliyochongwa alama. Kijana aliyekwisha kutahiriwa alifundishwa kwa fimbo hiyo: mwalimu, mzee aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, aliweka kidole kwenye alama, akaimba fundisho lake, na vijana wakaitikia. Alama moja, wimbo mmoja. Inayofuata, wimbo mwingine. Ndoa, uzazi, heshima kwa wakubwa, namna ya kukaa na jirani. Gutmann alichapisha mafundisho ya fimbo hiyo mwaka 1923, na kati ya 1932 na 1938 akatoa juzuu tatu nene za mafundisho ya jandoni na unyagoni ya Wachagga. Kwa Kijerumani. Nimeyasoma kwa kamusi pembeni, nikisoma jioni moja ukurasa mmoja na nusu.

Jambo lililonishtua katika kurasa hizo ni kwamba huwezi kukata mstari kati ya sala na mchezo. Wimbo ule ule unaomkumbusha kijana mizimu ya babu zake unamtania kuhusu mama mkwe. Mwili unatikiswa ili akili ishike. Petro Itosi Marealle, aliyekuwa Mangi na mwandishi wa Kiswahili safi, alieleza katika kitabu chake cha 1947, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, jinsi maisha ya hapa na ya huko yalivyoshikana. Jina la kitabu lenyewe limeviweka pamoja. Katika ulimwengu huo kuuliza kama ngoma ni ya dini au ya dunia ni kama kuuliza kama mgomba ni wa chakula au wa kivuli.

Lakini nisiwapambe wazee. Mpaka walikuwa nao, tena mkali. Ulipita kati ya aliyefunzwa na asiyefunzwa, na kati ya mambo ya wanaume na ya wanawake. Kambi ya vijana msituni, ngasi, ilikuwa na siri ambazo kuzitoa kwa mwanamke au kwa mtoto lilikuwa kosa kubwa. Kilichofungwa hakikuwa “kitakatifu” kwa maana ya kanisani. Kilikuwa cha watu fulani katika umri fulani. Ngasi ilififia wakati wa Wajerumani. Ilipokufa ngasi, nyimbo zake zilikosa mahali pa kuimbwa, na hazikuweza kuhamia uwanjani kwa sababu kanuni yake ilikataza. Hivi ndivyo ninavyoujibu utani wa ndugu zetu Wamakonde: ngoma zetu nyingi za maana hazikukatazwa na kanisa peke yake, zilikaa kimya kwa utii wa sheria yake zenyewe. Iliyobaki ni ile iliyoruhusiwa kuonekana na kila mtu, kama iringi, yenye duara, kiongozi na waitikiaji.

Taifa huru nalo lilipita juu yetu. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alisikitikia vijana wanaojua rumba, twisti na cha-cha-cha lakini hawajasikia gombesugu wala lelemama, akaunda wizara ya utamaduni na vijana. Iringi haikutajwa. Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilifuata, na baada yake Chuo cha Sanaa Bagamoyo, 1981. Ngoma iliyofaa jukwaa la taifa ilikuwa na ngoma zenye sauti, viuno na kasi. Iringi kwa jinsi nilivyoikuta kwa wazee wetu inategemea koo na miguu, na utamu wake uko kwenye maneno ya kiongozi, ambayo asiyejua Kichagga hayapati. Isitoshe, umangi ulifutwa mwaka 1963, na serikali changa haikuwa na hamu ya kuona Wachagga wakicheza chini ya bendera ya Mangi Mkuu kama walivyofanya miaka ya hamsini.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo kanisa ndilo lililoanza kulegeza. Padri Stephen Mbunga wa kusini alichapisha mwaka 1963 utafiti wake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka ule ule Mtaguso wa Vatikano ulipotoa hati ya liturujia. Kwa upande wa Walutheri, Howard Olson, mwalimu wa chuo cha teolojia Makumira, aliwaomba wanafunzi wake walete tuni za makwao, zikapewa maneno ya Kikristo na kutoka katika kitabu Tumshangilie Mungu. Fikiria jambo hilo: mwanafunzi ambaye baba yake alikatazwa wimbo anaulizwa na mwalimu Mzungu, huo wimbo unaukumbuka? Leo kwenye misa Kibosho watoto hucheza mbele ya altare wakati wa Utukufu na hakuna anayeshangaa, ila bibi mmoja mmoja.

Mbali na hapa, visiwani Ufilipino, watu walipita njia inayofanana na yetu. Mwanamke mmoja, Francisca Reyes-Aquino, aliandika tasnifu ya uzamili mwaka 1926 juu ya ngoma na michezo ya vijijini, kisha akatumia maisha yake kuzipeleka mashuleni. Katika mji wa Cebu wauza mishumaa wa basilika ya Mtoto Yesu walikuwa wakicheza hatua za sinulog kwa niaba ya mnunuzi, mshumaa mkononi, kama sala. Mwaka 1980 ofisa wa serikali aliwavika wanafunzi mavazi, akawafundisha hatua hizo, akawatoa barabarani. Leo maandamano hayo ya Januari ni tamasha kubwa lenye zawadi na majaji. Wauza mishumaa bado wapo pia. Nilipowasimulia wanafunzi wangu waliuliza jambo ambalo sikulikuta kwenye makala yoyote: majaji wanatoa alama ngapi kwa yule mwenye mshumaa?

Sasa, darasani ningefanya nini na mregho? Nilikuwa na maneno yake. Ningeweza kuchonga fimbo, kumpa mvulana mwenye sauti nzuri, na majaji wasingekuwa wameona kitu kama hicho. Mkuu wa shule alipenda wazo hilo mno. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kidia, mzee wa kanisa, mwenye miaka themanini na kitu. Nilimkuta anachambua maharage. Aliniuliza wasichana watakuwepo? Nikasema ndio. Wadogo ambao hawajapata kipaimara? Nikasema ndio. Akanyamaza, akaendelea na maharage yake, kisha akasema: “Mwalimu, fundisha kwamba ilikuwepo. Usiwaimbishe.” Nikamwambia maneno yamechapishwa, yako maktaba Ulaya, mtu yeyote anaweza kuyasoma. Akasema aliyeyatoa alikuwa na wakati wake wa kujibu, na mimi nina wangu.

Nilikubaliana naye, na si kwa adabu tu. Mtaala wetu unaita kila kitu “ngoma za asili”, na ndani ya jina hilo jando, mavuno, vita na harusi vinakuwa kitu kimoja: vijana waliovaa majani wakimkaribisha mgeni rasmi. Mwanafunzi anayejua kwamba kuna wimbo asioruhusiwa kuuimba ameelewa historia ya mlima huu kuliko aliyefundishwa kuucheza kwa dakika saba. Kwa hiyo mregho ukawa somo la ubaoni: fimbo, alama, mwalimu, Gutmann, 1923. Iringi ikawa somo la uwanjani.

Kuifundisha iringi kulikuwa kugumu kwa sababu nyingine. Wanafunzi wangu wengi wanasikia Kichagga lakini hawakizungumzi. Hutukanwa kwacho na kubarikiwa kwacho, basi. Waliitikia vizuri. Hakuna aliyeweza kuongoza, kwa kuwa kiongozi hutunga papo hapo, akimtaja aliyekuja na aliyechelewa na aliyeleta pipa la mbege. Mzazi mmoja alikuja kumtoa binti yake kikundini, akisema walishaokoka na hawezi kurudi kwa mizimu. Nilimwalika akae atazame zoezi zima. Alikaa. Mwishoni alisema hakuona mizimu, ila mavazi yale hapana, na binti alicheza akiwa na sare ya shule. Kulikuwa na hoja ndani ya sare ile: iringi ilichezwa na watu waliovaa walichokuwa nacho. Mwisho kikundi kizima kilicheza kwa sare, na tukashika nafasi ya nne.

Yule msichana wa kwaya aliyeuliza swali la kwanza hakuridhika na fimbo ya wavulana. Alitaka kujua wasichana walifundishwa nini, kwa nyimbo zipi. Vitabu vyangu viliandikwa na wanaume waliohojiana na wanaume, na nilimwambia hivyo. Desemba ilipofika, barabara ya kutoka Dar ikajaa magari ya Wachagga wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, naye akapanda Mamba kwa bibi yake mzaa mama. Januari alirudi na daftari la kurasa mia limejaa karibu nusu. Nilimwomba nilione kwa ajili ya tasnifu. Alilibana kifuani akasema, kwa heshima zote, kwamba bibi amesema asome yeye na dada zake, na Mwalimu asubiri aoe, kisha mkewe akaulize.