Mto Ruiru na Fundi Mmoja

Ukitoka Kahawa Sukari ukifuata Barabara ya Thika, Ruiru si mbali. Mto wake ndio ulioipa Nairobi stima ya kwanza ya nguvu za maji. Mwaka 1908 mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya pekee ya kuusambazia mji huo umeme. Mwaka 1922 kampuni ya Nairobi na ya Mombasa zikaungana kuwa East African Power and Lighting.

Pale mtoni kazi ilikuwa moja. Maji yanasukuma gurudumu la chuma, gurudumu linazungusha jenereta. Jioni watu wakiwasha taa, jenereta inakuwa nzito, kasi inashuka, na lazima maji yaongezwe. Asiyejua umeme angelaumu beringi.

Na bado tunalaumu beringi! Hapa mtaani mota ya mashine ya kusaga mahindi ilinguruma na kupata moto. Fundi akabadilisha beringi mara mbili. Kumbe fezi moja ilikuwa imekatika. Mota ikaungua, na mwenye mashine akalipia yote.

Mtoni, chuma huzalisha stima. Kwenye mashine ya kusaga, stima huzungusha chuma. Mhandisi wa mitambo asiyejua stima anajua nusu ya mashine yake.