Walimu wa Vyuo Vikuu na Ufundishaji wa Mtandaoni Nchini Rwanda: Kutoka Moduli hadi Korona

Inapotajwa habari ya kufundisha kwa njia ya mtandao nchini Rwanda, aghalabu mazungumzo huanzia Machi 2020. Historia yenyewe ni ndefu zaidi, na asiyeifahamu hudhani kwamba walimu wa vyuo vikuu waliosita wakati wa korona walikuwa wakiogopa kompyuta tu.

Taasisi ya Elimu ya Kigali (KIE) ilifunguliwa mwaka 1999, na mwaka 2001 ikaanzisha mafunzo ya masafa kwa walimu wa sekondari waliokuwa kazini bila sifa zilizotakiwa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalikuwa yameangamiza walimu wengi, na waliobaki wasingeweza kuacha madarasa yao ili waje kukaa Kigali. Walipewa moduli zilizochapishwa, kisha wakakutana na wakufunzi katika vituo vya mikoani. Katika jiji hilohilo, KIST ilikuwa na kituo cha Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni (AVU), mradi ulioanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997 ukitumia setilaiti kurusha mihadhara. Mfumo wa kwanza ulimwachia mwalimu nafasi ya kukutana na mwanafunzi wake uso kwa uso. Wa pili ulimweka kwenye skrini. Kwa maoni yetu, wengi wetu tuliukubali ule wa kwanza mioyoni.

KIE na KIST ziliunganishwa na taasisi nyingine za umma mwaka 2013 kuunda Chuo Kikuu cha Rwanda. Jukwaa la Moodle lilikuwapo, lakini walimu wengi walilitumia kama ghala: unapakia notisi, unaondoka.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alithibitishwa tarehe 14 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule na vyuo vilikuwa vimefungwa, na kabla ya mwezi kwisha watu wakatakiwa kubaki majumbani. Vyuo vikuu vilianza kufunguliwa kwa awamu Oktoba. Kwa miezi hiyo, ghala likatakiwa liwe darasa.

Kwa mwenzetu wa uchumi au sheria, notisi ni notisi. Sisi wa Kiswahili tulikuwa na shida nyingine. Kinyarwanda hakitofautishi maana kwa /l/ na /r/, hivyo mwanafunzi huandika "karamu" akikusudia kalamu, na hutamka "mahari" akikusudia mahali (na hapo darasa zima hucheka, maana mahari ni jambo zito). Darasani tunamtazama mdomo, tunamrudisha nyuma, anarudia. Kwenye simu yenye mtandao unaokatika, mwalimu hawezi kujua kosa ni la ulimi au ni la mawimbi. Na bado anatakiwa atoe alama.

Kisha kulikuwa na waliokwenda kwao Nyaruguru au Nyamasheke, wakiazima simu ya kaka, wakitafuta pa kuichaji. Kuwaandika watoro kwa sababu tu hawakuonekana mtandaoni haikuwa haki, hata kama ndivyo orodha ilivyotaka.

Hata hivyo, mitazamo ilibadilika mahali ambapo hatukupatarajia. Wanafunzi walipoambiwa wajirekodi na kutuma sauti kwa WhatsApp, wale wasiofungua kinywa darasani ndio waliosikika. Mtu hujirekodi, hujisikiliza, hufuta, hujirekodi tena. Kabla mwalimu hajasikia lolote, mwanafunzi amekwisha jisahihisha mara nne. Kazi hiyo haikuwa ikifanyika kwenye madawati. Lakini mazungumzo hayarekodiwi hivyo: kudakia neno, kumwamkia mkubwa na kungoja aitikie, kubishana kwa adabu, yote haya yanahitaji watu wawili wasiokatikiwa na mtandao.

Milango ilipofunguliwa, baadhi yetu walirudi kwenye chaki siku hiyohiyo, na wengine wakaendelea kudai sauti zilizorekodiwa kila wiki. Kuhusu alama za mazungumzo zilizotolewa kwa simu, hatujawahi kukaa tukakubaliana zilikuwa zikipima nini. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, shule zinahitaji walimu, na miongoni mwa waliopewa alama hizo wamo wanaosimama leo mbele ya watoto wakiwafundisha kutofautisha kalamu na karamu.