Urithi Hai Wakati wa Vita: Nakivale na Mbarara

Urithi hai ni ule unaokaa ndani ya watu: ngoma, hadithi, lugha, taratibu za ndoa na matanga, tiba za asili, ufundi wa kusuka na kuchonga, mapishi, na namna ya kusuluhisha ugomvi. Ukiwaua wazee, ukiwatawanya vijana na kuwanyima nafasi ya kukusanyika, umeuvunja hata kama hakuna jengo lililoguswa. Kwa hiyo kuulinda wakati wa vita ni kuwalinda wenye urithi pamoja na uwezo wao wa kuutenda na kuurithisha. Kazi hiyo haikomi mkimbizi anapovuka mpaka.

Sheria inasemaje

Mkataba wa The Hague wa 1954, uliotungwa baada ya uharibifu wa Vita Kuu ya Pili, unalinda vitu: majengo ya kihistoria, nyumba za ibada, maktaba, makumbusho, kazi za sanaa. Sheria ya kimataifa ya jinai nayo imeelekea huko. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kubomoa makaburi ya mawalii huko Timbuktu, Mali.

Urithi hai ulipata chombo chake mwaka 2003, UNESCO ilipopitisha Mkataba wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Burundi ilijiunga mwaka 2006, Uganda 2009, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2010. Mkataba huu hauna adhabu kwa anayeuangamiza urithi huo. Nguvu yake ni kuzitaka nchi ziorodheshe urithi zikishirikiana na wenyewe na kusaidia urithishwe. Desemba 2019, kamati yake ilikutana Bogotá, Kolombia, ikakubali misingi ya kuongoza kazi wakati wa dharura: jamii zenyewe ziwe mbele, waliohamishwa kwa nguvu wakiwemo. Mwaka 2022, kwa sababu ya vita, mapishi ya supu ya borscht ya Ukraine yaliingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Nakivale

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilo, mwendo wa takribani kilomita 60 kutoka mji wa Mbarara. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Leo yana watu zaidi ya 200,000: Wakongo, ambao ndio wengi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Sokoni Kiswahili cha Kongo kinawaunganisha wengi wao. Nyumbani kila mmoja anarudia lugha yake.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawapa haki ya kutembea, kufanya kazi na kutumia ardhi waliyotengewa. Haki hizi ni msingi wa urithi hai pia. Mwenye kipande cha shamba anaweza kupanda muhogo, akatwanga sombe kwenye kinu na kumfundisha binti yake mapishi ambayo mgawo wa mahindi na maharage hauwezi kuyafundisha.

Ngoma za Burundi

Mfano ulio wazi wa urithi hai ni ngoma ya kifalme ya Burundi, iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2014. Ngoma hupangwa nusu duara, idadi yake ikiwa witiri, kuizunguka *inkiranya*, ngoma ya katikati inayoongoza. *Amashakwe* hushika mdundo usiokatika. *Ibishikizo* hufuata amri ya inkiranya. Mpigaji huingia katikati kwa zamu, huku akiruka na kutamba. Haya hayajifunzwi kwa kusoma. Kijana husimama nyuma ya wakubwa mpaka mkono wake ukubali.

Mgogoro wa 2015 nchini Burundi uliwasukuma Warundi wengi kukimbilia Uganda, Tanzania, Rwanda na Kongo. Oktoba 2017 amri ya rais wa Burundi iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizi, na ikataka kila onyesho lipate kibali cha serikali. Tangu hapo swali la nani mwenye ngoma limekuwa zito, na walio uhamishoni wana haki ya kulijibu kama walio Gitega, nchini Burundi.

Lipo pia suala la mti. Ngoma hizi huchongwa kutoka gogo zima la *umuvugangoma*. Palipo na maelfu ya majiko ya kuni, gogo la namna hiyo ni nadra. Kupanda miti ni kulinda ngoma.

Yanayouangamiza

Vita huua wajuzi, na kambi inaweza kumalizia kazi hiyo polepole. Kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita vya waasi wa LRA, Waacholi walisongamana kambini kwa miaka mingi. *Wang oo*, moto wa jioni ambapo wazee waliwafunza watoto hadithi, ukoo na adabu, ulizimwa na hofu ya usiku, amri za kutotembea na vibanda vilivyobanana. Kizazi kizima kilikua bila darasa hilo.

Hatari ya pili ni kuufanya urithi kuwa maonyesho. Kikundi kinachoitwa kucheza Siku ya Wakimbizi Duniani tu, mbele ya wageni, hakipati muda wa kufundisha.

Funzo la Mbarara

Mbarara yenyewe inajua kupoteza. Ufalme wa Ankole, wa eneo hili, ulifutwa mwaka 1967 na haukurejeshwa falme nyingine ziliporudi mwaka 1993. Vita vya 1979 kati ya Uganda na Tanzania viliubomoa mji vibaya. Leo kituo cha utamaduni cha Igongo, huko Biharwe, kinahifadhi kumbukumbu za Ankole, na kazi hiyo ina thamani. Lakini ngoma ya *ekitaguriro*, sherehe ya *okuhingira* ya kumuaga bibi harusi na mchuzi wa *eshabwe* wa samli vimedumu kwa sababu familia hazikuacha kuvifanya.

Njia za ulinzi

Kwanza, wenyewe waulizwe wanachotaka kiendelee, wanawake na vijana wakiwemo. Pili, ramani ya makazi itenge uwanja, kivuli na mahali pa matanga. Tatu, wajuzi walipwe kwa kufundisha, na zana zao zipatikane. Nne, kurekodi kufanywe kwa ridhaa, kwa kuwa yapo ya siri na matakatifu. Tano, si kila kitu kilindwe kwa jina la mila: mkataba wa 2003 unakubali tu urithi unaopatana na haki za binadamu na heshima kati ya jamii. Wimbo wa kuchochea chuki haustahili ulinzi.

Mashirika ya misaada huhesabu mahema, maji na chakula, na ni lazima yahesabu. Yahesabu pia wazee wanaojua na watoto walio tayari kujifunza, tangu wiki za mwanzo. Ujuzi wa mzee aliyefariki bila mwanafunzi hauletwi na msafara wowote wa malori.