Roboti shirikishi

Roboti shirikishi ni mashine ya kiwandani inayofanya kazi bega kwa bega na binadamu, mara nyingi bila uzio kati yao. Ilibuniwa mwaka 1996 na J. Edward Colgate na Michael Peshkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani.

Mwaka 2008 kampuni ya Universal Robots ya Odense, Denmark, ilianza kuuza UR5, mkono unaobeba kilo 5. Mkono huo hufuatilia umeme wa mota zake. Ukimgonga mtu, hutambua ukinzani na kusimama.

Mwaka 2013 kiwanda cha magari cha BMW cha Spartanburg, Marekani, kiliikabidhi mikono ya aina hiyo kazi ya kugandamiza vizuia unyevu milangoni mwa magari, kazi iliyochosha mno mikono ya wafanyakazi.

Mwongozo wa kimataifa wa usalama wa roboti hizi, ISO/TS 15066 (2016), uliweka ukomo wa nguvu na shinikizo la mguso kwa kila sehemu ya mwili wa binadamu.