Udhaifu wa Gramu kwa Wati katika Kupima Kilimo cha Bangi cha Ndani

Katika vyumba vya kukuzia bangi huko Canada, Marekani na Uholanzi, ustadi wa mkulima umezoeleka kupimwa kwa swali moja: alivuna gramu ngapi kwa kila wati ya taa? Aliyefikisha gramu moja kwa wati huhesabiwa fundi, na aliyevuka hapo hujigamba. Kipimo hiki kilimfaa mkulima wa kujificha, ambaye hakuwa na vifaa zaidi ya mizani na namba iliyochapwa kwenye boksi la taa. Colorado ilianza kuuza bangi madukani Januari 2014, na Canada ikaihalalisha nchi nzima Oktoba 2018. Tangu hapo kilimo hicho kimegeuka kiwanda chenye leseni, bili na mkaguzi, lakini gramu kwa wati ingali inatumika. Hoja ya makala haya ni kwamba kipimo hicho hakikosi usahihi tu. Kinampotosha mkulima anayechagua taa na mtunga sheria anayeziwekea mipaka.

Kasoro ya kwanza ni ya fizikia ya sekondari. Wati hueleza kasi ya kutumia nishati, haielezi nishati iliyotumika. Tuchukue taa ya wati 600 iliyozaa gramu 600 za maua makavu, yaani gramu moja kwa wati kamili. Bangi huchanua usiku unaporefuka, kwa hiyo wakulima wengi huwasha taa saa 12 kwa siku katika hatua ya maua, urefu wa mchana ambao mkazi wa Nakuru au Mwanza huupata bure mwaka mzima. Aina inayokomaa kwa siku 56 itakuwa imetumia yuniti 403 za umeme, na inayokomaa kwa siku 77 itakuwa imetumia 554. Tukiongeza siku 28 za kukuza miche kwa taa hiyohiyo, saa 18 kwa siku, ile ya kwanza inafika yuniti 706. Mavuno yaleyale, na taa ileile, yanaweza kuwa gramu 1.5 kwa yuniti au 0.85, kutegemea siku mkulima aliyoanzia kuhesabu.

Hata gramu yenyewe haitulii. Maua mabichi hupoteza takriban robo tatu ya uzito wake au zaidi yakikaushwa, na makavu hubaki na maji kidogo. Gramu 100 za maada kavu zitasoma karibu 110 kwenye mizani zikiwa na unyevu wa asilimia 9, na karibu 118 zikiwa na asilimia 15. Anayekausha kwa haraka ya kuuza anaonekana mkulima bora kwa asilimia 7 bila kukuza chochote cha ziada. Shirika la viwango la ASTM limeweka kiwango cha shughuli ya maji, yaani maji yaliyo huru kulisha ukungu, katika maua makavu kati ya 0.55 na 0.65. Lengo lake ni kuzuia ukungu na kulinda ubora, lakini hakuna sababu ya watafiti wa mavuno kutokitumia pia.

Nchini Uholanzi suala hili si la kujigamba tu, kwa kuwa makadirio ya mavuno huingia kwenye hesabu ya faida haramu ambayo mahakama humwamuru mkulima airudishe. Mwaka 2006 Toonen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mashamba ya ndani yaliyokamatwa na polisi. Shamba la wastani lilikuwa na mimea 15 na wati 510 za taa kwa mita ya mraba, na makadirio yao ya mavuno yalikuwa gramu 505 kwa mita hiyo. Ukigawanya unapata karibu gramu moja kwa wati, sawasawa na imani ya wakulima. Ulinganifu huo unavutia, ila hausemi lolote kuhusu taa zilizokuja baadaye.

Mmea nao hauzijui wati. Unachokipokea ni fotoni, na tangu vipimo vya Keith McCree mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu huhesabu zile zenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700. Kwa hiyo ubora wa taa hutajwa kwa mikromoli za fotoni kwa kila juli ya umeme. (Kipima-lux cha mpiga picha hakifai hapa: kimetengenezwa kuiga jicho la binadamu, ambalo huipendelea rangi ya kijani.) Nelson na Bugbee wa Chuo Kikuu cha Utah State walionyesha mwaka 2014 kwamba taa bora za sodiamu na taa bora za LED zilikuwa sawa wakati huo, takriban mikromoli 1.7 kwa juli, huku taa za sodiamu za mtindo wa zamani zikiwa karibu na 1.0. Leo LED za 2.7 zinapatikana sokoni. Wati moja ya mwaka ule na wati moja ya leo ni vitu viwili tofauti kwa mmea.

Je, tukibadili wati kuwa fotoni, tatizo limekwisha? Jaribio la Rodriguez-Morrison, Llewellyn na Zheng wa Chuo Kikuu cha Guelph, lililochapishwa mwaka 2021, linakataa. Waliweka bangi chini ya mwanga wa viwango mbalimbali, kuanzia mikromoli 120 kwa mita ya mraba kwa sekunde hadi 1,800, ukali unaokaribia jua la adhuhuri. Mavuno yalipanda kwa mstari ulionyooka, kutoka gramu 116 kwa mita ya mraba hadi 519, bila dalili ya kufika kikomo. Usanisinuru wa jani mojamoja ulikuwa umekwisha kufika kikomo chake kwenye mwanga mdogo kuliko huo wa juu kabisa, kwa hiyo anayepima jani moja na kukisia shamba zima atakosea.

Tuzitazame namba hizo kwa makini. Mwanga uliongezeka mara 15, mavuno mara 4.5. Tukigawanya gramu kwa mwanga, chumba chenye giza ndicho kinachoshinda, tena kwa zaidi ya mara tatu! Hakuna mwekezaji atakayekichagua. Mstari huo ukirudishwa nyuma hadi mwanga sifuri unabakiza gramu 87 hivi, na mmea hauchanui gizani. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba sehemu ya mavuno ilikwisha kulipiwa na mwanga wa hatua ya miche, ambao haumo kwenye mgawanyo. Uwiano wowote wenye mavuno juu na mwanga chini utampendelea anayepunguza mwanga, mpaka gharama ya eneo lenyewe iingizwe.

Gharama hiyo ni kubwa. Karibu umeme wote wa taa huishia kuwa joto ndani ya chumba, na karibu maji yote ya kumwagilia hutoka majanini kama mvuke, kwa hiyo kiyoyozi na mashine ya kuondoa unyevu hufanya kazi muda wote. Evan Mills, katika utafiti wake wa 2012, aliipa taa theluthi moja tu ya nishati ya uzalishaji wa ndani. Summers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado State walikadiria mwaka 2021 kwamba kilo moja ya maua makavu huandamana na kilo 2,283 hadi 5,184 za gesi ya ukaa, kutegemea mahali ilipokuzwa Marekani. Tofauti hiyo ya zaidi ya maradufu inatokana na hali ya hewa ya nje na vyanzo vya umeme wa eneo, mambo ambayo gramu kwa wati haiyagusi kabisa.

Ndiyo maana tunapendekeza mita isomwe mlangoni mwa jengo, kuanzia mche hadi maua yaliyokauka, na yuniti zigawanywe kwa kilo za maada kavu. Kando yake ziandikwe moli za fotoni zilizofika juu ya mimea na ukubwa wa eneo. Massachusetts ilichagua njia nyingine: vituo vikubwa viliwekewa kikomo cha wati 36 za taa kwa futi ya mraba, sawa na wati 387 kwa mita ya mraba. Kwa taa ya 1.7, kikomo hicho kinaruhusu mikromoli 660 hivi kabla ya upotevu. Kwa taa ya 2.7 kinaruhusu zaidi ya 1,040. California ilikaribia zaidi ilipodai mikromoli 1.9 kwa juli kuanzia 2023, maana angalau inaihukumu taa kwa kazi ya taa. Kiyoyozi cha chumba hichohicho bado kinakaguliwa chini ya kanuni nyingine, mbali na mizani ya mavuno.