Udongo Mweupe wa Kariandusi na Mafuta Yaliyomwagika

Kariandusi, karibu na Gilgil katika Kaunti ya Nakuru, inajulikana zaidi kwa mashoka ya mawe yaliyochimbuliwa na mwanaakiolojia Louis Leakey na wenzake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Jirani yake upo mgodi wa diatomaiti, udongo mweupe uliotokana na maganda ya viumbe wadogo mno walioishi katika ziwa la kale. Maganda hayo ni ya silika na yamejaa vitundu. Bonge lake ni jepesi mkononi, na likiguswa kwa ulimi hunata, kwa kuwa hunyonya mate papo hapo.

Unyonyaji huo ndio ulioupa udongo huu thamani. Mwaka 1867 Alfred Nobel aliutumia udongo wa aina hiyo kunyonya kilipuzi cha nitrogliserini, akapata dinamaiti. Viwandani, unga wake huchuja vinywaji, na hunyunyizwa sakafuni palipomwagika mafuta, ukayanywa, kisha ukafagiliwa.

Baharini kazi ya kuondoa mafuta ni ngumu zaidi. Machi 1967 meli ya Torrey Canyon ilipasuka karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, ikiwa na takriban tani 119,000 za mafuta ghafi. Waingereza walimwaga sabuni kali, zikaua viumbe wengi wa ufukweni kuliko mafuta yenyewe. Wafaransa walinyunyiza unga wa chaki. Mafuta yakazama, lakini yakahamia kwenye sakafu ya bahari. Baada ya ajali ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez huko Alaska mwaka 1989, maji moto yenye kasi yaliyooshea miamba yaliua viumbe walionusurika. Njia yenye madhara machache zaidi ni kuyazingira mafuta kwa vizuizi vinavyoelea na kuyakusanya mapema.

Kenya nayo ilionja msiba huo. Mwaka 1988 takriban tani 5,000 za mafuta zilimwagika katika mkono wa bahari wa Makupa, Mombasa, na kuharibu mikoko. Mti huo hupumua kwa mizizi inayochomoza matopeni. Mizizi ikipakwa mafuta, mti hukosa hewa. Kuingia humo kusafisha nako kuna hatari, kwani miguu ya wafanyakazi huyakandamiza mafuta ndani zaidi ya tope. Mwaka 2015 mafuta yaliyovuja kutoka bomba la kampuni ya Kenya Pipeline yaliingia katika mto Thange, Makueni, yakachafua maji na mashamba ya wakazi.

Katika Bonde la Ufa, hatari kubwa imekuwa barabarani. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, magharibi ya Nakuru. Watu walikuwa wakichota petroli moto ulipolipuka, na zaidi ya mia moja wakafariki. Petroli hugeuka mvuke upesi, na cheche moja inatosha kuuwasha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu na kuzuia chanzo chochote cha moto. Mchanga au unga wa kunyonya hufuata pakishakuwa salama.

Hata hapo kazi haijakwisha. Unga huyashika mafuta bila kuyaangamiza, na mvua ikiunyeshea, huweza kuyaachia tena yakarudi mtoni. Ndiyo sababu unga uliolowa huzolewa na kupelekwa panapotupwa taka za sumu.